Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mhazini, na habari za ada anazo Katibu. Mimi naomba nizungumzie kazi iliyotushughulisha karibu mwaka mzima, na iliyotugombanisha pia: tamthilia kongwe za Kichina zipunguzwe vipi ili mtazamaji wa leo wa opera ya kijadi azifuate?

Tulianza na Mudan Ting, tamthilia ya mapenzi ya Tang Xianzu, ya mwaka 1598. Ina maonyesho 55. Mwaka 2004 mwandishi Pai Hsien-yung na wenzake, wakishirikiana na kundi la kunqu (opera kongwe ya Kichina) la mji wa Suzhou, waliipandisha jukwaani ikiwa na maonyesho 27, kwa usiku tatu, vijana wakiigiza vijana. Walijiwekea sharti moja: kupunguza, si kuandika upya. Ndiyo maana msichana Du Liniang bado anatembea bustanini, anamwota kijana asiyemjua, anakufa kwa shauku kisha anafufuka, na beti anazoimba ni za Tang.

Washairi mliomo humu mnaelewa. Wimbo wa kunqu una kanuni zake za urefu wa mistari, vina, hata kupanda na kushuka kwa sauti ya kila neno. Kuchomeka neno geni humo ni sawa na kuvunja mizani ya shairi la mwenzio. Tang naye hakuwa mtumwa wa kanuni hizo, lakini wenzake walipomgeuzia maneno ili yaimbike kwa urahisi, alikasirika kwelikweli. Mimi niko upande wake.

Hata hivyo, Shiwu Guan, tamthilia nyingine ya kunqu, imenifundisha kutosema kwamba kubadili ni kosa siku zote. Zhu Suchen aliitunga ikiwa na wahusika wawili ndugu, kila mmoja na kesi yake ya kusingiziwa. Mwaka 1956 kundi la mkoa wa Zhejiang lilimwondoa ndugu mmoja kabisa, likabaki na mauaji ya muuza nyama na afisa Kuang Zhong anayejifanya mpiga ramli ili amnase muuaji. Kunqu ilikuwa taabani. Toleo hilo likaifufua. Pale kinachobeba tamthilia ni kisa, na kisa hustahimili kisu. Mudan Ting inabebwa na ushairi.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa ajili ya kikao chetu cha kutazama, mimi ndiye niliyefupisha tafsiri ya onyesho la ndoto, nikidhani beti ndefu zitawachosha. Wengi mliniambia hamkuona kwa nini msichana yule afe. Mlikuwa na haki, na nawaomba radhi. Tafsiri kamili imeanza upya.

Mwaka ujao napendekeza Dou E Yuan ya Guan Hanqing. Humo Dou E anakatwa kichwa bila hatia, na theluji inaanguka katikati ya kiangazi. Lakini yako matoleo ya opera ya Beijing ambamo anaokolewa. Someni mwisho wa Guan kwanza, kabla hatujatazama ule mwingine. Wanaotaka kushika sehemu ya tafsiri wajiandikishe kwa Katibu leo, kabla ya kuondoka.