Maji Mekundu Kwenye Pakiti ya Paka: Kwa Wateja Wetu Wasiokula Nyama

Tunauza nyama mbichi ya kulishia paka, iliyogandishwa kwenye pakiti zisizo na hewa, na lalamiko ni lile lile, wiki baada ya wiki: "Mmeniuzia nyama iliyooza. Ni nyeusi, halafu pakiti imejaa damu." Anayelalamika huwa hali nyama, ama kwa dini yake ya Kihindu au Kijaini, ama ni Msabato, ama ameamua tu mwenyewe. Paka aliingia barazani kwake, akampenda, na sasa anataka amlishe inavyopasa. Hajawahi kusimama buchani, kwa hiyo jicho lake halijaijua nyama. Hilo halina lawama. Tatizo ni anachofanya baadaye: anaiosha nyama ile, au anaichemsha na kuyamwaga maji.

Nyama iliyofungwa bila hewa huwa ya zambarau iliyokolea, hasa moyo wa ng'ombe. Ikipata hewa kwa muda wa dakika 15 hadi 30, juu yake hurudi kuwa nyekundu. Na maji yale mekundu si damu, damu ilimwagika machinjioni. Ni maji ya ndani ya msuli, na wekundu wake ni wa protini iitwayo mioglobini. Barafu inapoyeyuka hutoka zaidi, ndiyo maana ukipima nyama peke yake unaona gramu zimepungua, ukadhani tumekupunja. Zimo humo humo kwenye pakiti. Nyama iliyoharibika ina dalili zake: uvundo, utelezi unaonata vidoleni, ukijanikijani, pakiti iliyovimba. Usiyeweza kunusa, tazama uvimbe.

Mmiminie paka maji hayo juu ya chakula chake. Yana taurini, kirutubisho muhimu kwa paka, na taurini huyeyuka kwenye maji. Paka hawezi kujitengenezea ya kumtosha, wala maharagwe na soya hazina. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hutanuka hadi ukashindwa kusukuma damu. Uhusiano huo na moyo ulithibitishwa Marekani mwaka 1987. Ukiona ni lazima uipike nyama, mpe na mchuzi wake wote, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Na usipike kamwe nyama yenye mfupa: mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Kosa la pili ni kifua cha kuku. Wengi wanakiomba kwa kuwa ni cheupe, hakitishi. Paja lina taurini mara kadhaa zaidi ya kifua. Tena nyama tupu, iwe kifua au fileti ya bei kubwa, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili wa paka huifidia kalsiamu hiyo kwa kuichota mifupani. Tuliletewa kitoto cha paka cha miezi 5, kimelelewa kwa nyama nzuri isiyo na mfupa, kila siku, kwa upendo mkubwa. Kilikuwa kinachechemea na hakitaki kuruka hata kwenye kochi. Gharama ya daktari wa mifugo ilizidi pakiti zetu za miezi mingi.

Hapo ndipo bei inapoulizwa: mbona kilo yenu inazidi kilo ya bucha? Kwa sababu si kitu kimoja. Kilo yetu ina gramu 650 za paja la kuku, 150 za moyo wa ng'ombe, 100 za mfupa laini wa shingo na mgongo, 50 za maini na 50 za figo. Maini hatuzidishi, hata mteja akisihi, kwani vitamini A ikizidi kwa miezi mingi shingo ya paka hukakamaa. Tunasaga nyama ikiwa nusu barafu, maana ikipata joto mafuta hulainika na kunata kwenye visu vya mashine na mfupa hausagiki sawasawa. Kisha inakaa siku 7 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ili kuua vimelea vya toksoplasma. Umeme wa siku hizo tunaulipia sisi. Na tangu Kampala ilipopata habari za formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, buchani mwaka 2018, mzigo tunaupokea wenyewe alfajiri machinjioni, hatutumi bodaboda.

Barafu haiui bakteria wa salmonela. Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mchanga au mtu ambaye kinga yake imeshuka, tuambie. Tutakushauri chakula cha kopo kilichokamilika, hata kama hatukiuzi.

Sasa mikono: jinsi ya kumlisha bila kuigusa nyama. Pakiti yetu ni bapa, ya gramu 120, kiasi cha siku moja kwa paka wa kilo 4. Itoe kwenye friza, uihamishie kwenye jokofu usiku, ndani ya boksi lenye kifuniko, rafu ya chini kabisa, isidondokee sukumawiki na maziwa. Asubuhi ichovye kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5, kata pembe kwa mkasi wa kazi hiyo tu, kamua nusu kwenye bakuli la chuma. Hujagusa kitu. Mikrowevu hapana, inapika kingo. Baada ya dakika 30 kilichobaki kitupe. Osha bakuli kwa sabuni kwanza, ndipo Jik, kijiko 1 cha chakula kwenye lita 4 za maji. Jik haifanyi kazi juu ya mafuta. Plastiki iepuke, mikwaruzo yake huficha uchafu.

Paka mgeni wa nyama mbichi mwanzishie robo kijiko cha chai ndani ya chakula alichozoea, uongeze kwa siku 7 hadi 10. Usimkomoe kwa njaa: paka asipokula siku mbili, hasa mnene, ini hujaa mafuta na anaweza kufa. Wenye fereti (mnyama mdogo mla nyama, wa jamii ya kicheche), ambao hapa ni wachache sana, wagawe mara nne au zaidi kwa siku, kwa kuwa chakula hupita tumboni mwake kwa saa 3 au 4 tu.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Ikiwa imejaa hustahimili saa 48, ikiwa nusu, 24. Gandisha kikombe cha maji humo, weka sarafu ya shilingi 500 juu ya barafu. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama, nyama iliyeyuka ikaganda tena, itupe.

Pakiti iliyokufikia imevimba au imetoboka, ipige picha siku hiyo hiyo kabla ya kuifungua. Tunaibadilisha bila swali. Iliyooshwa hatuibadilishi.