Barua kwa mdogo wangu anayetaka kupanda stroberi kwenye mabomba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na Baba umfikishie shikamoo yangu. Nimesikia mnataka kusimamisha minara ya stroberi pale shambani, yaani mabomba ya wima yenye miche, pampu ikipandisha maji ya mbolea kutoka tangini, tena mirefu ya mita tatu. Nimefurahi kweli. Ila kabla hujakata bomba hata moja, nisikilize.

Urefu ndio unaokuvutia, na ndio utakaokusumbua. Mche wa juu unaota jua kutwa, wa chini unashinda kivulini na kuzaa kidogo. Mimi nisingevuka kimo cha mtu, na minara ningeiachia nafasi isitiliane kivuli. Halafu kuna pampu. Wauzaji hutaja lita kwa saa, wewe uliza inapandisha maji hadi wapi. Pampu yenye kikomo cha mita 2, ukiipa mita 2, haitoi hata tone. Nunua inayozidi kimo chako kwa mbali.

Tangi liwe jeusi, lenye kifuniko. Mwanga ukiyafikia maji yenye mbolea, mwani unaota na vitundu vya matone vinaziba. Maji yakae kwenye nyuzi 18 hadi 20 hivi. Yakipata joto sana oksijeni inapungua na mizizi inaoza. Uwe unachungulia: mizizi mizima ni myeupe, ya kahawia inayoteleza imeshaharibika.

Stroberi haivumilii chumvi nyingi. Anza na kipimo cha EC, yaani wingi wa chumvi za mbolea majini, karibu 1.0, usikimbilie zaidi ya 1.5, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 5.5 na 6.2. Mbolea ya kalisiamu naitreti usiichanganye na ya magnesiamu salfeti zikiwa bado nzito, hazijazimuliwa kwa maji mengi, utaishia na machicha meupe chini ya ndoo, mbolea imepotea. Ndiyo maana huwa na ndoo mbili, kila moja inamiminwa kwenye maji mengi kwa wakati wake.

Wengine watakushauri uache mabomba matupu, maji yapite tu kwenye mizizi. Yanapendeza kwa macho, lakini umeme ukikatika mchana wa jua mizizi inakauka kwa saa chache. Jaza kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, na perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi. Zinashika unyevu, nanyi mnapata muda wa kutafuta jenereta.

Wakati wa kupanda, angalia pale majani yanapochipukia. Pakifukiwa panaoza, pakiinuliwa sana mizizi inabaki wazi. Zile kamba zinazotambaa zikate mapema, zinanyonya nguvu ya matunda.

Mkifunika kwa wavu, nyuki wataingilia wapi? Kila kipunje unachokiona juu ya ngozi ya stroberi kinahitaji chavua ndipo nyama iliyo chini yake ijae. Kisipopata, upande huo unadumaa na tunda linatoka limepinda. Bila nyuki, itabidi mtu apite na brashi laini, ua kwa ua. Kazi hiyo inachosha kuliko inavyosikika.

Na stroberi ikishachumwa haiongezi utamu, kwa hiyo lazima ivunwe ikiwa nyekundu mpaka mabegani, na ikishaiva haingoji. Kaeni na Baba mkubaliane nani atakayepita kila asubuhi kupima tangi na kuchuma. Ukiwa na jibu, niandikie, ndipo tuzungumze idadi ya minara.

Kaka yako