Barua kutoka Langoni kuhusu mpaka wa mji

Langoni, Lamu

Kwa sahibu yangu mpendwa wa Malindi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi, na barua yako imenifika pamoja na yale maembe, ambayo watoto waliyamaliza kabla sijaonja hata moja.

Uliniuliza kama bandari mpya imetuletea neema au balaa. Kwa kweli bandari yenyewe hainitii hofu kama ploti zinavyonitia. Tangu mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa Machi 2012, nusu ya wanaume wa mji huu wamegeuka madalali. Wiki iliyopita nilikwenda nyuma ya Shela nikakuta bikoni nne za saruji, zile nguzo za kuonyesha mipaka ya ploti, zimesimikwa mchangani, na kamba ya nailoni imefungwa kutoka moja hadi nyingine. Kijana aliyekuwa akizilinda aliniambia kwa adabu, "Mzee, hapa ni mchanga mtupu, hapaoti kitu."

Mchanga mtupu! Nyinyi mnaletewa maji kutoka Baricho, ukingoni mwa Mto Sabaki. Sisi mto wetu ndio ule mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama polepole kwenye vilima vile, kisha yakaelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi, na visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji. Ukijenga juu yake na kuchimba mashimo ya choo, au ukivuta maji kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi.

Hapo ndipo nikakumbuka maneno ya mpwa wangu aliyeko Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Anasema nyumba zimebanana upande mmoja wa barabara, na ukivuka tu unaingia mashambani. Si bahati. Mwaka 1973, gavana akiwa Tom McCall, jimbo lilipitisha sheria iliyoutaka kila mji ujichoree mpaka wa kukua, yaani mstari ambao mji haupaswi kuenea nje yake, na mpaka wa Portland ukakubaliwa mwaka 1979. Unasimamiwa na baraza moja, Metro, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi, nalo linawajibika kuhakikisha kwamba ndani ya mpaka ipo ardhi ya kutosha makazi ya miaka 20 ijayo. Hesabu hiyo hurudiwa kila baada ya miaka sita. Kinachonivutia ni hiyo hesabu kuliko mstari wenyewe, kwa sababu anayetaka mpaka usogezwe anajua aende kwa nani na lini, badala ya kusimika bikoni usiku.

Usidhani wenzetu walikubaliana kwa wepesi. Mwaka 2004 wapigakura wa Oregon walipitisha sheria kwamba mwenye ardhi aliyezuiwa kujenga alipwe thamani iliyopotea au aachiwe ajenge. Serikali za mitaa hazikuwa na fedha za kulipa, zikalegeza masharti, na mwaka 2007 wapigakura hao hao wakaipunguza makali sheria ile.

Kwa hiyo sipendi tuige kila kitu. Huko mwenye shamba ana hati mkononi hata akishindwa kesi, ilhali ndugu zetu wengi wa upande wa bara wamelima miaka mingi bila karatasi yoyote, na mstari ukichorwa leo utawabana wao huku mnunuzi mwenye hati akipita pembeni. Kule bara hati zitangulie, mpaka ufuate. Vilima vya mchanga ni jambo jingine, na sioni sababu ya kungoja hata mwezi mmoja.

Ijumaa ijayo, baada ya sala, wazee wa mtaa watakutana, nami nimeombwa niseme. Wewe uliyefanya kazi ya upimaji miaka yote hiyo, nieleze jinsi ya kuuandika mpaka kwa maneno ili mtu aweze kuufuata kwa miguu. Mimi nimefikiria alama ziwe visima vyenyewe, kwani bikoni hung'olewa, lakini kisima hakihamishwi. Jibu lako mpe nahodha wa jahazi la Jumatano.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Langoni