Msitoboe ngoma kubwa ya kanisa kabla ya kuisikiliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu wa Mukono aliyeuliza kama aing'oe ngozi ya mbele ya ngoma kubwa ya kanisani kwao, ile ya seti ya dramu inayopigwa kwa mguu, au aitoboe, kwa sababu inavuma tu na kishindo hakisikiki. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilipiga ngoma ya kubeba kifuani katika bendi ya matarumbeta. Tangu nistaafu natengeneza dramu za makanisa na za bendi za harusi, kuanzia hapa Bombo hadi Luweero, na upande wa mjini hadi Kawempe. Jibu langu kwake ni kwamba asiing'oe. Na kutoboa kuwe jambo la mwisho kabisa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona ngozi nzima, nzuri, zikiharibiwa. Niliitwa kwenye kanisa moja ambako mtu alikuwa amechukua kisu cha jikoni akakata katikati ya ngozi ya mbele duara lenye ukubwa wa sahani ya wali. Pale kisu kilipokutana na kilipoanzia palibaki kijino. Ufa ukaanzia hapo, ukatambaa hadi kwenye ringi, ile pete inayoibana ngozi pembeni. Ngozi ya inchi 22 haipatikani kila duka la vyombo vya muziki hapa Uganda, wala bei yake si ya sadaka ya Jumapili moja. Vijana wale walikuwa wamechangishana kuinunua.

Dramu ya mguu hupigwa upande mmoja tu. Nyundo ya pedali ikigonga ngozi ya nyuma, hewa iliyofungiwa ndani inasukumwa, nayo inaisukuma ngozi ya mbele. Ngozi hizo mbili zinajibizana, na ndiyo maana sauti inadumu na kuwa nene. Hewa hiyohiyo ndiyo inayoirudisha nyundo upesi kwenye mguu wa mpigaji. Ukitoboa mbele, hewa inapata pa kutokea: majibizano yanapungua, mvumo unakuwa mfupi, kishindo kinasikika waziwazi, na nyundo hairuki tena kama mwanzo. Kile kitundu kidogo chenye pete ya chuma ubavuni mwa dramu hakifanyi kazi hiyo, ni cha kupumulia tu. Ngoma tuliyokuwa tukiibeba kwenye gwaride, kwa kuwa hupigwa pande zote mbili, hakuna aliyewahi kufikiria kuitoboa.

Wala hatukuhitaji kufundishwa na wageni kwamba mdomo ulio wazi na mdomo uliozibwa hutoa sauti mbili tofauti. Katika kundi la ngoma za Kiganda, embuutu imewambwa ngozi juu na chini ingawa hupigwa juu tu, na sauti yake ni pana, ya tumboni. Engalabi, ile ndefu yenye ngozi ya kenge, imeachwa wazi chini, na mpigaji anayejua kazi huiinamisha ili sakafu isiuzibe mdomo huo. Mafundi wa Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, wanazitengeneza zote mbili, na hakuna anayeona kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Kila moja ina sauti iliyokusudiwa. Hivyo basi, kabla hujatoboa dramu ya kanisa, jiulize unataka sauti gani, na ni nani atakayeisikia.

Kama kanisa lenu ni ukumbi mdogo wa mabati na ngoma kubwa haina maiki yake, iacheni ngozi nzima. Hapo tundu litawapunguzia tu sauti nene ambayo watu wa nyuma wanaihitaji. Mvumo unaowasumbua hutibiwa kwa ufunguo wa dramu na blanketi. Legeza skrubu zote za ngozi ya nyuma mpaka ngozi ikunjamane, kisha kaza kidogo kidogo, skrubu moja na ile inayoikabili, mpaka mikunjo iishe, halafu ongeza nusu mzunguko. Ngozi ya mbele ikazwe zaidi kidogo. Ndani weka blanketi jepesi lililokunjwa, liguse ngozi zote mbili kwa chini tu. Msijaze magodoro! Mara nyingi nikimaliza hayo, mchungaji mwenyewe ananiambia basi, inatosha.

Kutoboa kuna maana kama mna maiki ya kuingiza ndani, au kama muziki wenu ni wa mwendo wa sebene, ambapo mguu unagonga mfululizo na gitaa la besi linapita palepale. Hapo mvumo mrefu unaifunika besi, na maiki iliyosimama nje ya ngozi nzima inachukua mvumo kuliko kishindo. Mkiisogeza maiki ndani karibu na nyundo, kishindo kinakuwa kikali. Mkiirudisha karibu na tundu, unene unarudi. Ila isikae mbele ya tundu kabisa, kwa sababu upepo unaotoka humo unaipiga maiki na spika zinapasuka sauti.

Sasa ukubwa, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Kwa dramu ya inchi 22, tundu la inchi 5 linatosha. Kwa ya inchi 20, inchi 4. Tundu la inchi 5 linaondoa kama sehemu moja tu ya ishirini ya ngozi hiyo ya inchi 22, lakini la inchi 10 linaondoa moja ya tano. Ukifika huko, ngozi iliyobaki haijibu tena, na ni karibu sawa na kuing'oa. Na kuing'oa, hata kama wapigaji wengi wa Ulaya na Marekani walifanya hivyo studio miaka ya 1970, kunaacha mlio mkavu usio na mwili. Kanisani, bila mitambo ya studio, unasikika kama boksi.

Tundu lisikae katikati. Likae chini, upande wa kulia au wa kushoto, pale penye tarakimu 4 au 8 kwenye saa ya ukutani, na ukingo wake uwe angalau inchi 2 kutoka kwenye ringi. Katikati ndipo ngozi inapocheza zaidi, na ndipo upepo wa nyundo unapotokea moja kwa moja.

Kisu tuache. Ngozi za siku hizi ni plastiki ya poliesta, aina iliyoenea duniani baada ya Remo Belli kuanza kuzitengeneza Marekani mwaka 1957, na plastiki hiyo huyeyuka. Tafuta kopo la bati la maziwa ya unga, pima mdomo wake kwa rula, sentimita 10 hadi 13. Toa blanketi ndani ya dramu, ilaze ngozi ya mbele ikitazama juu, chora duara kwa kalamu. Pasha mdomo wa kopo kwenye sigiri mpaka uwe moto sana, likamate kwa koleo, liweke juu ya alama bila kulizungusha, libane sekunde chache. Duara linadondoka lenyewe, na ukingo unabaki mnene kidogo, laini, bila kijino cha kuanzisha ufa. Fanya kazi hii nje, kwa sababu moshi wake ni mbaya, na watoto wakae mbali. Ukiweza kupata pete ya plastiki ya kuzungushia ukingo, ibandike.

Kwa wenye maduka ya vyombo vya muziki Kampala nina ombi moja: leteni hizo pete, na leteni ngozi za mbele zilizotobolewa kiwandani. Zipo, na mteja wa Kitgum au Kasese hawezi kuzijua kama hajawahi kuziona dukani.

Msomaji wa Mukono akikaza skrubu zake na bado hajaridhika, anaweza kuja na dramu yake Bombo siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Kopo ninalo.

Mpiga ngoma mstaafu,
Bombo