Wanangu wa boda Nkuhungu, presha ya wake zenu sio pepo

Wanangu wa kijiweni, habari za kutwa. Nimefanya kazi leba miaka mingi hapa Dodoma na kuna jambo linanikaa kooni. Bado mabinti wanaletwa wameshaanza kifafa cha mimba, ukiuliza unaambiwa tulimpitisha kwanza kwa mganga maana ilionekana ni pepo. Jamani hamna pepo hapo, ni presha ya mimba.

Iko hivi. Mshipa wa damu kwa ndani una utando mwembamba, na ule utando unatoa kemikali, kuna naitriki oksaidi na prostasaiklini zinalegeza mshipa utanuke, alafu kuna endothelini, pamoja na thromboksani inayotoka zaidi kwenye chembe za kugandisha damu, zinaubana. Mimba ikienda vizuri zile za kulegeza zinashinda, ndo maana katikati ya mimba presha huwa inashuka kidogo japo damu mwilini imeongezeka sana. Sasa kondo la nyuma lisipojishikiza vizuri linakosa damu, linaanza kumwaga protini inaitwa sFlt-1 kwenye damu ya mama, nayo inakamata vichocheo vinavyoutunza ule utando, naitriki oksaidi inapungua, mishipa inajibana mwili mzima, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, ikifika kwenye ubongo ndo degedege. Na mwanzoni mkeo anaweza kuwa anasonga ugali kama kawaida hasikii kitu.

Kwa hiyo kila kliniki apimwe presha na mkojo, hata akijiona mzima. Baada ya wiki 20 ikisoma 140 kwa 90 sio ya kusubiri, 160 kwa 110 ni kukimbia muda huo huo. Kichwa kinagonga hata panadol haisaidii, anaona maluweluwe, anaumwa chini ya mbavu za kulia, uso umevimba ghafla na pete haitoki kidoleni, usiseme tutaenda asubuhi, tafuta gari usiku huo. Hospitali kuna sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege, ila imkute mapema.

Kama mimba iliyopita ilikuwa na presha semeni siku ya kwanza kliniki, daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki 16, inapunguza ile thromboksani. Msimnunulie wenyewe dukani, nawaomba sana.

Na akishajifungua msijisahau, kifafa kinaweza kumjia hata siku kadhaa baadaye, mrudisheni kupima presha wiki ile ile ya kwanza.