Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, mama zetu na ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, na salfa ya kupulizia mikorosho iliyochelewa ataieleza katibu. Mimi muda wangu wote nautumia kwa jambo moja: nguvu ya wanunuzi wa korosho zetu, na tunachoidai serikali iliyoingia.

Mnakumbuka mnada ule tuliokataa kuuza. Bei za kampuni zote zilipishana shilingi chache, na zote zilikuwa chini ya bei ya wiki iliyotangulia. Wiki iliyofuata wakarudi na bei ile ile. Mzee mmoja akaniuliza pale ghalani: "Mwenyekiti, hawa ni watu wangapi kweli, au ni mmoja mwenye majina mengi?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wazabuni kupanga bei kwa siri, na faini yake inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka. Basi wachunguzi wa Tume ya Ushindani waje Masasi na Tandahimba minada ikiendelea, wasitusubiri Dar es Salaam. Wamiliki wa kweli wa kampuni wanatakiwa kuandikishwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Majina yao yabandikwe ukutani ghalani kabla ya mnada, yule mzee apate jibu lake.

Wapo wanaotaka irudi 2018, Rais Magufuli alipotangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba korosho. Nami nilishangilia siku ile. Lakini tulibaki na mnunuzi mmoja, na wengi wetu tulisubiri fedha huku muda wa ada za watoto unapita. Mnunuzi akiwa mmoja, hata akiwa serikali, mkulima hana pa kukimbilia.

Pa kukimbilia ni kwenye kubangua korosho zetu hapa hapa. Viwanda vilivyojengwa na serikali kusini huku vilibinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala, huku korosho nyingi zikipanda meli zikiwa ghafi. Aliyenunua kiwanda akashindwa kubangua anyang'anywe, na vyama vyetu vya ushirika vifikiriwe kwanza. Hili ndilo naliona zito kuliko yote, maana mwenye korosho ghafi tu hana pa kuipeleka ila kwa wanunuzi wale wale, kwa bei yao.

Barua yenye madai haya iko mezani kwa karani, nami nitaipeleka mwenyewe kwa Mkuu wa Wilaya Jumatatu. Kila mwanachama asaini kabla ya kutoka. Asiyeandika aweke dole gumba.