Barua ya Wazi kwa Wananchi Wanaoandika Mapendekezo ya Kuirekebisha Serikali

Ndugu zangu, wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu kwa heshima. Tangu nilipostaafu kazi ya kuandika miswada ya sheria nimesoma maandiko yenu mengi, na kwa kuwa wengi wenu mmeniomba maoni, nimeona ni vema niyatoe kwa wote kwa pamoja. Mnataka idadi ya wabunge ipunguzwe, mihula iwe na ukomo, posho zikatwe, mbunge asiyewajibika aondolewe kabla ya muda wake, na wanaofadhili kampeni wajulikane. Sioni hata wazo moja la kipuuzi kati ya hayo, na karibu yote yamekwisha kutungiwa sheria mahali fulani duniani. Tatizo ninaloliona ni kwamba maandiko yenu yanakoma pale hasa kazi inapoanza. Yanasema jambo gani lifanyike, lakini hayasemi ni nani mwenye mamlaka ya kulifanya, kwa utaratibu upi, kwa maneno gani ya sheria, na nani atakayelisimamia wakati waliolianzisha wamekwisha kurudi kwenye shughuli zao. Pendekezo la namna hiyo wanasiasa hawana hata haja ya kulipinga. Hulipokea kwa makofi mbele ya kamera, kisha likaingia kabatini.

Swali la mamlaka ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mwaka 1999, nchini New Zealand, wananchi walikusanya saini za kutosha hadi ikaitishwa kura ya maoni juu ya kupunguza wabunge kutoka 120 hadi 99. Zaidi ya asilimia 81 ya waliopiga kura walikubali. Bunge halikupunguzwa, kwa sababu sheria iliyoruhusu kura hiyo haikuilazimisha serikali kuyafuata matokeo yake. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapiga kura wa majimbo mengi walipitisha ukomo wa mihula kwa wajumbe wao katika Bunge la taifa; mwaka 1995 Mahakama ya Juu, katika shauri lililotoka Arkansas, ikaamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba jimbo haliwezi kuongeza masharti juu ya yale yaliyomo katika Katiba ya taifa. Watu walikuwa wengi, hoja ilikuwa inaeleweka, kura zilitosha, na bado kazi yote ikaanguka kwa kuwa ilipelekwa kwa chombo kisicho na uwezo wa kuitimiza.

Iceland ni mfano unaoniuma zaidi. Baada ya benki zake kuanguka mwaka 2008, nchi hiyo iliunda baraza la watu 25 ambalo mwaka 2011 liliandika rasimu ya katiba huku likipokea maoni ya wananchi kwa njia ya intaneti, na Oktoba 2012 takriban theluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali rasimu hiyo kuwa msingi wa katiba mpya. Lakini katiba iliyokuwapo ilikuwa inasema kwamba badiliko lolote lipitishwe na Bunge, uchaguzi ufanyike, kisha Bunge jipya lilipitishe tena. Uchaguzi wa 2013 ulifika kabla Bunge la kwanza halijaipitisha rasimu. Yaani uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa wale wale ambao rasimu ilikusudia kuwadhibiti, na walichohitaji kufanya ni kuchelewa tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya pendekezo lenu, fungueni katiba ya nchi yenu na msome sura inayoeleza namna inavyobadilishwa. Kisha jiulizeni kama jambo mnalolitaka linahitaji kweli kubadili katiba, au linatosheka na sheria ya kawaida, au ni kanuni za Bunge tu, ambazo Bunge lenyewe linaweza kuzibadili kwa azimio. Nimeona watu wakidai katiba mpya kwa ajili ya jambo linalohitaji mistari michache katika kanuni za kudumu, kwa mfano kwamba kura za wabunge zirekodiwe kwa majina na zitangazwe. Jambo hilo dogo lingewapa wapiga kura taarifa nyingi kuliko hotuba zote za kampeni, na ni nadra sana kuliona katika maandiko yenu.

Sasa niwape mfano wa mtu aliyeusoma vizuri utaratibu. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas aligundua kwamba pendekezo moja la kurekebisha Katiba ya Marekani, lililopitishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1789, halikuwa limewekewa tarehe ya mwisho ya kuridhiwa na majimbo. Pendekezo lenyewe lilisema kwamba badiliko la mishahara ya wajumbe wa Bunge lisianze kutumika mpaka uchaguzi wa wawakilishi upite kwanza. Aliandika insha kuhusu jambo hilo akapewa alama ya C, kisha akaanza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo mbalimbali, jimbo baada ya jimbo, akiwaomba waliridhie. Mwaka 1992 idadi ya majimbo iliyotakiwa ilitimia, na pendekezo lililokuwa limelala zaidi ya miaka 200 likawa sehemu ya Katiba. Hakuwa na chama wala umati nyuma yake. Alikuwa na sentensi moja iliyokwisha kuandikwa, orodha ya watu wenye mamlaka ya kuipitisha, na miaka kumi ya kuwasumbua kwa adabu. Mimi hukasirika kidogo kila nikiikumbuka hiyo alama ya C.

Pili, yaandikeni mawazo yenu kwa maneno ya sheria hata kama ninyi si wanasheria, kwa sababu ni katika maneno hayo ndipo wazo huishi au hufa. Chukueni hilo la kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, sheria inataka saini za zaidi ya asilimia 40 ya wapiga kura wa eneo husika zikusanywe ndani ya siku 60. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, inataka asilimia 10 tu ndani ya wiki sita, lakini zoezi haliwezi kuanza mpaka mbunge awe amehukumiwa kifungo, au amesimamishwa na Bunge kwa muda uliotajwa, au amepatikana na hatia ya kudanganya katika madai ya gharama zake. Sheria ya kwanza inakubali sababu yoyote lakini imeweka kizingiti kirefu mno. Ya pili imeshusha kizingiti lakini imefunga sababu. Huko British Columbia, mwaka 1998, mbunge mmoja aliyegunduliwa kuwa alikuwa akiyaandikia magazeti barua za kujisifu kwa majina ya uongo alijiuzulu alipoona saini zinakaribia kutosha, kwa hiyo hata kizingiti kirefu kina kazi yake pale hasira inapokuwa kubwa. Ninyi mnataka ipi? Mkiandika tu kwamba wananchi wawe na haki ya kumwondoa mbunge, mtakuwa mmewaachia wabunge wajaze tarakimu, na tarakimu watakazojaza mnazijua.

Brazil ilionyesha namna ya kufanya. Katiba yake inaruhusu wananchi kupeleka muswada Bungeni wakipata saini za asilimia moja ya wapiga kura. Wakiungwa mkono na maaskofu wa Kanisa Katoliki na vyama vingi vya kiraia, walikusanya saini zaidi ya milioni moja kwa ajili ya muswada uliokuwa na kusudi moja, yaani kumzuia kugombea mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa makubwa. Muswada ukawa sheria mwaka 2010. Tazameni umakini wake: hukumu inayomzuia mgombea ni ile iliyotolewa na jopo la majaji, ili hakimu mmoja mwenye chuki asiweze kumwangusha mtu, na kizuizi kikawekwa kuwa miaka minane. Hata hivyo, mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria isihesabiwe katika uchaguzi wa 2010, kwa kuwa Katiba inakataza badiliko la sheria ya uchaguzi kutumika katika uchaguzi unaofanyika kabla ya mwaka mmoja kupita. Ilithibitishwa kuwa halali mwaka 2012. Hilo nalo lihesabuni katika kalenda zenu.

Jambo la tatu nalisema nikijua halitawapendeza wote. Kila mamlaka mnayomwondolea mtu huhamia kwa mtu mwingine, na ni wajibu wa mwandishi wa pendekezo kusema yanahamia kwa nani. Mexico iliwakataza wabunge wake kuchaguliwa mfululizo kuanzia miaka ya 1930. Matokeo yake, mbunge aliyetaka kuendelea na siasa hakuwa na sababu ya kuwapendeza wapiga kura ambao hawangeweza kumrudisha. Aliwapendeza viongozi wa chama, ambao ndio waliogawa nafasi inayofuata. Mwaka 2014 katiba ilibadilishwa ili waruhusiwe tena, na mwaka 2025 ikabadilishwa tena ili katazo lirudi kuanzia 2030. Mimi nauunga mkono ukomo wa mihula kwa mkuu wa nchi bila kusita, kwa sababu ndiye mwenye majeshi na hazina. Kwa wabunge ninasita, na ningependa wanaoutaka waniambie kwanza watafanya nini kuhusu nguvu ya makao makuu ya vyama.

Vivyo hivyo katika kupunguza wabunge. Italia ilipiga kura Septemba 2020, na takriban asilimia 70 wakakubali wajumbe wa mabunge yake mawili wapungue kutoka 945 hadi 600. Hoja ya gharama ina uzito kwa mlipakodi, siibezi. Lakini pale mawaziri wanapokuwa pia wabunge, ukipunguza wabunge bila kugusa idadi ya mawaziri na manaibu wao, sehemu ya Bunge iliyo mfukoni mwa serikali inakua, na wanaobaki kuikagua wanapungua. Asiyetaka matokeo hayo aandike katika pendekezo lile lile kwamba baraza la mawaziri nalo lisizidi idadi fulani.

Msibebe mengi kwa pamoja. Rasimu ya katiba ya Chile iliyopigiwa kura Septemba 2022 ilikuwa na ibara 388, na karibu asilimia 62 waliikataa. Nyingine, iliyoandikwa na watu wa mrengo mwingine kabisa, ilikataliwa Desemba 2023. Katika waraka mrefu kila mpiga kura hupata ibara moja ya kuichukia.

Na msiwatenge wanasiasa wote, hata kama mnawachoka. Ireland ilipounda kongamano lake la katiba, kati ya 2012 na 2014, iliwakalisha wananchi 66 waliopatikana kwa bahati nasibu pamoja na wanasiasa 33 na mwenyekiti. Mapendekezo yalipofika Bungeni, tayari walikuwamo watu walioyasikia yakijadiliwa na walioweza kuyatetea. Linganisheni na British Columbia ya mwaka 2004, ambako wananchi 160 na mwenyekiti wao walipendekeza mfumo mpya wa kupiga kura. Katika kura ya maoni ya 2005 asilimia 57.7 waliukubali, lakini serikali ilikuwa imeweka sharti la asilimia 60. Uliporudishwa mwaka 2009 uliungwa mkono na asilimia 39 hivi. Wananchi wa baraza lile walikuwa wamemaliza kazi yao na kutawanyika, na chama kikubwa cha kuubeba hakikuwapo. Tena kubalini kwamba wananchi wenzenu wanaweza kuwakataa: siku ile ile ya Mei 2015 ambapo raia wa Ireland walikubali pendekezo moja la kongamano lao, walilikataa jingine, la kushusha umri wa kugombea urais kutoka miaka 35 hadi 21, kwa kura karibu tatu kati ya kila nne.

Jihadharini pia na mkubwa anayekuja kuazima jina lenu. Nchini Kenya, ambako katiba ya 2010 inaruhusu kuirekebisha kwa saini za wapiga kura milioni moja, Mahakama ya Juu iliamua Machi 2022 kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia iliyotengewa wananchi. Uamuzi huo unafaa kusomwa na kila kundi, popote lilipo, kwa sababu kiongozi anayetaka jambo lake lipite mara nyingi huona ni rahisi zaidi likionekana limetoka chini.

Ombi langu la mwisho ni la kazi. Kila kundi lichague wazo moja, liandike muswada wa kurasa zisizozidi mbili, na juu ya ukurasa wa kwanza liweke jina la chombo chenye mamlaka ya kuupitisha pamoja na ibara au kanuni inayokipa mamlaka hayo. Katika kifungu cha mwisho andikeni nani atatoa taarifa ya utekelezaji, kwa nani, na ndani ya siku ngapi, pamoja na nini kitatokea asipoitoa. Kisha mpelekeeni mtu mnayejua anawapinga, mumwombe autafutie mwanya. Mianya atakayoiona zibeni, na ile isiyozibika iandikeni wazi katika maelezo ya muswada. Rasimu zitakazofika kwangu zikiwa katika hali hiyo nitazisoma kifungu kwa kifungu, na nitarudisha kila moja ikiwa na masahihisho pembeni.

Wenu katika utumishi,
Mzee wenu, mwandishi mstaafu wa miswada ya sheria